Kawaguchi wa Japani: Miaka 25 Katika Lindo la Goli

Askari aliyewahi kukesha lindoni anajua kwamba usiku mia ukipita salama hakuna aulizaye nani alikuwa zamu, lakini usiku mmoja akiingia mwizi, jina la mlinzi litatafutwa kabla ya mapambazuko. Hali ya mlinda mlango katika kandanda ndiyo hiyo hiyo. Mshambuliaji aweza kukosa mabao manne, akafunga la tano, akabebwa mabegani. Kipa aweza kudaka mikwaju kumi ikampita mmoja, na huo mmoja ndio utakaosimuliwa sokoni na kambini.

Tena kuna jambo la pili ambalo watazamaji hawalifikirii sana. Nafasi ya kipa ni moja tu. Beki asiyepangwa upande wa kulia huenda akapangwa kushoto, na kiungo aliyeanzia benchi huingia kipindi cha pili. Kipa wa akiba hana pa kuhamia. Hukaa na glovu zake mapajani dakika 90, mwezi hata mwezi, akimtakia mema mwenzake ambaye akifanya vizuri yeye hatacheza kamwe.

Yoshikatsu Kawaguchi wa Japani aliyajua yote mawili. Alicheza kandanda ya kulipwa kwa misimu 25. Aliichezea timu ya taifa mechi 116. Alikwenda fainali za Kombe la Dunia mara 4, na katika safari hizo 4 ziko 2 ambazo alikwenda na kurudi bila kugusa mpira katika mechi hata moja. Safari hizo mbili zina maana katika maisha yake kama zile alizocheza.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1975 katika mji wa Fuji, mkoa wa Shizuoka, chini ya mlima mashuhuri wenye jina hilo hilo. Shizuoka ni mkoa ambao watoto wake hucheza mpira kabla ya kujua kusoma vizuri, nao umetoa wachezaji wengi wa timu ya taifa. Kawaguchi alisoma shule ya sekondari ya biashara ya Shimizu, na mwezi Januari 1994, akiwa nahodha wa shule hiyo, alitwaa ubingwa wa shule za sekondari za Japani nzima. Mashindano hayo huchezwa msimu wa mwaka mpya, na nchi hiyo huyafuatilia kwa hamu kubwa. Mwaka huo huo akasajiliwa na Yokohama Marinos. Ligi ya kulipwa ya Japani ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu.

Kwa kipa, kijana huyo hakuwa mrefu. Hakuzidi sentimita 180, ilhali lango alilopewa kulilinda ni lile lile la mita 7.32 kwa mita 2.44 ambalo majitu ya Ulaya hulijaza kwa kunyosha mikono tu. Upungufu huo aliufidia kwa miguu na kwa moyo. Aliruka upesi, na zaidi ya hapo hakupenda kungojea mstarini: mshambuliaji alipochomoka peke yake, Kawaguchi alitoka kumkabili, kwa maana kipa anayesogea mbele hulipunguza lango machoni pa adui. Njia hiyo ina faida kubwa na ina hatari yake. Aliyetoka akachelewa nusu hatua ameacha nyumba wazi. Wazazi ambao watoto wao hupangwa golini na wenzao mtaani kwa sababu ni wafupi, au kwa sababu hawajui kupiga chenga, na wakumbuke kimo cha Kawaguchi.

Pale Yokohama alimkuta Shigetatsu Matsunaga, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa kipa wa taifa. Mwaka wa kwanza Kawaguchi alikaa akitazama. Mwaka 1995 mlango ukafunguka, akaingia na hakutoka. Marinos wakawa mabingwa wa Japani mwaka huo kwa kuwashinda Verdy Kawasaki, naye akachaguliwa kuwa mchezaji chipukizi bora wa ligi.

Dunia ilimfahamu tarehe 21 Julai 1996, katika mji wa Miami, Marekani, kwenye michezo ya Olimpiki. Japani haikuwa imeshiriki kandanda ya Olimpiki tangu mwaka 1968 huko Mexico, ilipopata medali ya shaba. Mpinzani wa kwanza alikuwa Brazili, na Brazili hiyo haikuwa ya kubahatisha. Kikosini mwake walikuwamo Roberto Carlos, Rivaldo, Bebeto na kijana Ronaldo. Walikuja kutafuta medali ya dhahabu, kombe pekee lililokuwa limewakimbia.

Brazili ilipiga mashuti 28. Japani ilipiga 4. Hesabu hiyo peke yake inatosha kueleza Kawaguchi alivyofanya kazi siku ile. Alipangua kwa ngumi, alidaka, alijitupa miguuni mwa washambuliaji, na pale ambapo mikono haikufika mwili ukafika. Katika dakika ya 72 beki Aldair na kipa Dida wa Brazili wakagongana wakiuwania mpira mmoja wa juu. Mpira ukaponyoka, na Teruyoshi Ito akausukuma katika lango tupu. Kwa dakika zilizosalia uwanja ukawa kama umeinamishwa upande wa Kawaguchi. Hakufungwa. Wajapani wanauita mchezo huo muujiza wa Miami, ingawa neno muujiza huwadhulumu kidogo waliotoa jasho. Kipa alikuwa na umri wa miaka 20.

Hata hivyo furaha hiyo haikuwafikisha mbali. Walifungwa na Nigeria 2–0, wakaifunga Hungaria 3–2, na ingawa Brazili, Nigeria na Japani zote zilikuwa na pointi 6, Japani ndiyo iliyotolewa kwa tofauti ya mabao. Nigeria iliendelea hadi kuitwaa dhahabu yenyewe, ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo katika kandanda.

Mwaka uliofuata Kawaguchi alikuwa kipa wa timu kubwa ya taifa. Tarehe 16 Novemba 1997, huko Johor Bahru nchini Malaysia, Japani iliifunga Irani 3–2 kwa bao la Okano katika muda wa nyongeza, na kwa mara ya kwanza katika historia yake ikapata tiketi ya Kombe la Dunia. Ufaransa, mwaka 1998, Kawaguchi alisimama golini mechi zote 3. Zote walifungwa: 1–0 na Argentina, 1–0 na Kroatia, 2–1 na Jamaika. Lakini Argentina na Kroatia walipata bao moja moja tu, na wafungaji walikuwa Batistuta na Suker, ambao siku hizo hawakuwa wakimwonea kipa yeyote kwa upekee.

Nyuma ya Kawaguchi, katika benchi la Ufaransa, aliketi kijana mwingine mrefu kuliko yeye, mdogo wake kwa miezi 8. Jina lake Seigo Narazaki. Wasomaji walishike jina hilo, kwa sababu watu hawa wawili watafuatana kama mchana na usiku kwa zaidi ya miaka 10.

Kwa muda ilionekana mchana ni wa Kawaguchi. Mwaka 2000 huko Lebanoni, Japani ilitwaa Kombe la Mataifa ya Asia kwa kuifunga Saudia 1–0 katika fainali. Mwaka 2001, katika Kombe la Mabara lililochezwa Japani na Korea ya Kusini, ilifika fainali ikiwa haijafungwa hata bao moja, ikashindwa na Ufaransa 1–0 tu. Kombe la Dunia la nyumbani lilikuwa limebaki mwaka mmoja. Hapo ndipo alipofanya uamuzi ambao wengi wameujadili: aliondoka Yokohama mwezi Oktoba 2001, akaenda Uingereza kuichezea Portsmouth, iliyokuwa daraja la pili la nchi hiyo.

Klabu ile ilikuwa katika majonzi. Mwezi Agosti kipa wao Aaron Flahavan alikuwa amefariki katika ajali ya gari. Kawaguchi aliingia katika lango la marehemu, kwa bei ya pauni milioni 1.8, ambayo kwa klabu kama hiyo ni fedha nyingi. Kandanda ya daraja lile siku hizo ilikuwa ya mipira mirefu, kona, na krosi zinazoangukia katikati ya mabega ya watu warefu. Kipa mfupi apendaye kutoka mstarini huko alipata shida. Mwezi Januari 2002 Portsmouth ikafungwa nyumbani 4–1 na Leyton Orient, timu ya daraja la chini, katika kombe la chama cha soka. Baada ya hapo akawekwa kando, na aliyechukua nafasi yake alikuwa Dave Beasant, mzee wa miaka 42. Msimu uliofuata alisajiliwa Shaka Hislop, na timu ikapanda daraja. Kwa miaka miwili Kawaguchi alicheza mechi 12 tu za ligi.

Je, alikosea kwenda? Kwa hesabu ya Kombe la Dunia, alikosea. Kocha Philippe Troussier alimchukua Narazaki kuwa kipa wa kwanza mwaka 2002, na Japani ikavuka makundi kwa mara ya kwanza, huku Kawaguchi akiwa benchi katika nchi yake mwenyewe, mbele ya watu waliomshangilia tangu Miami. Lakini mtu asiyepata kujaribu Ulaya katika umri wa miaka 26 angeweza kuishi na swali hilo maisha yake yote, na swali pia ni mzigo. Kutoka Uingereza alikwenda Nordsjælland ya Denmaki, akacheza mechi chache tena. Alikuwa sasa na miaka 28, akiwa na nchi mbili za kigeni nyuma yake.

Ndipo ilipofika Chongqing, nchini China, tarehe 31 Julai 2004. Ilikuwa robo fainali ya Kombe la Asia dhidi ya Yordani. Watazamaji wa China waliizomea Japani kuanzia wimbo wa taifa hadi mwisho. Mchezo ukatoka sare 1–1, ikabidi penalti ziamue. Shunsuke Nakamura akapiga wa kwanza, mguu uliosimama ukateleza juu ya nyasi mbovu, mpira ukapaa. Alex Santos akapiga wa pili, naye akateleza, mpira ukapaa vilevile. Nahodha Tsuneyasu Miyamoto akamwendea mwamuzi, akamweleza kwa Kiingereza, bila ukali, kwamba mahali pale hapafai kupigia. Mwamuzi akakubali kuhamishia penalti lango la pili, jambo ambalo ni nadra kuonekana.

Hata hivyo baada ya mikwaju mitatu kila upande Yordani walikuwa na mabao 3 na Japani 1. Japani wakafunga wa nne. Sasa Yordani wakipata mmoja tu, kazi imekwisha. Hawakuupata. Japani wakafunga wa tano, na Yordani tena wakahitaji mmoja. Hawakuupata. Japani wakakosa wa sita, mlango ukawa wazi kwa mara ya tatu. Hawakuupata tena. Baadhi ya mikwaju Kawaguchi aliifikia kwa mikono yake, na mingine ikaharibiwa na wapigaji wenyewe, waliokwisha kuanza kumtazama yeye badala ya mpira. Miyamoto akafunga wa saba, Yordani wakakosa wa nne mfululizo, na Japani ikashinda 4–3. Kwa umbali wa mita 11 kipa hana wajibu wa kudaka. Akifungwa hakuna atakayemlaumu. Labda ndiyo sababu Kawaguchi, ambaye maisha yake yote yalikuwa ya kulaumiwa, alionekana ametulia kuliko wote uwanjani. Wiki moja baadaye, Beijing, waliifunga China 3–1 wakautetea ubingwa wao.

Mwaka 2005 alirudi nyumbani kabisa, mkoani Shizuoka, kuichezea Jubilo Iwata. Na mwaka 2006, Ujerumani, lango la Kombe la Dunia likawa lake tena, na Narazaki akakaa benchi.

Tarehe 12 Juni 2006, katika mji wa Kaiserslautern, Japani iliongoza 1–0 dhidi ya Australia mpaka dakika ya 84. Kabla ya hapo Kawaguchi alikuwa ameokoa mara kadhaa. Kisha Lucas Neill akarusha mpira mrefu kwa mikono kuelekea eneo la hatari. Kawaguchi akatoka mstarini, kama ilivyokuwa desturi yake tangu utoto, na safari hii hakuufikia. Mpira ukaanguka katika msongamano, Tim Cahill akaupiga wavuni. Dakika 5 baadaye Cahill akafunga la pili, na Aloisi akafunga la tatu katika dakika za majeruhi. Kwa dakika 8 kazi ya miaka 4 ilimwagika. Tabia ile ile iliyomletea sifa Miami ndiyo iliyomfedhehesha Kaiserslautern. Hakubadilika yeye, ila mpira ulipita sentimita chache kando.

Siku 6 baadaye huko Nuremberg, Kroatia ilipata penalti katika dakika ya 22. Darijo Srna akapiga, Kawaguchi akachupa akaipangua. Mchezo ukaisha 0–0. Japani haikuvuka kundi, maana Brazili iliifunga 4–1 katika mechi ya mwisho. Lakini kipa aliyefanya kosa kubwa Jumatatu na kuokoa penalti Jumapili, mbele ya dunia nzima, alikuwa amesema alilotaka kusema. Kocha mpya, Ivica Osim, alimpa unahodha wa taifa.

Hesabu na Australia nayo ilikuwa haijafungwa. Tarehe 21 Julai 2007, Hanoi, walikutana katika robo fainali ya Kombe la Asia. Sare 1–1, penalti tena. Wa kwanza kupiga kwa Australia alikuwa Harry Kewell, Kawaguchi akaipangua. Wa pili alikuwa Lucas Neill, yule yule wa mpira wa kurusha. Kawaguchi akaipangua pia. Japani ikashinda 4–3.

Mambo ya kandanda hayakai mahali pamoja. Kocha Takeshi Okada alipoichukua timu, Narazaki akarudi kuwa wa kwanza. Mwezi Septemba 2009 Kawaguchi, akiwa na umri wa miaka 34, alivunjika mguu wa kulia katika mechi ya ligi. Mwezi Mei 2010, orodha ya wachezaji 23 wa kwenda Afrika ya Kusini iliposomwa, alikuwa hajacheza mechi ya ligi tangu ajali hiyo. Jina lake lilikuwamo. Watu wengi walistaajabu. Okada alimchukua kuwa kipa wa tatu na nahodha wa kikosi, kazi ambayo haimo katika kitabu chochote cha sheria za mchezo: kuongoza kambi bila kuvaa kitambaa uwanjani.

Kambi hiyo ilikuwa na homa. Japani ilikuwa imefungwa mechi za kirafiki mfululizo, na Serbia, Korea ya Kusini, Uingereza na kisha Kodivaa. Wakiwa mazoezini Uswisi, Kawaguchi aliitisha mkutano wa wachezaji peke yao, kocha hayumo. Walisemezana wazi kwamba wao si hodari kama walivyodhani, na kwamba wangecheza kwa kukimbia, kuzuia na kuvumilia, hata kama mchezo hautapendeza macho. Wakati huo huo Okada aliamua kumpanga kipa kijana, Eiji Kawashima. Kwa hiyo Narazaki naye akarudi benchi. Wapinzani wawili wa miaka 12, waliokuwa wamepeana lango zamu kwa zamu katika Ufaransa, Japani na Ujerumani, sasa walikuwa pamoja upande mmoja wa mstari, wote wawili wakimpasha moto kijana wa watu kabla ya kila mechi.

Japani iliifunga Kameruni 1–0 mjini Bloemfontein, ikafungwa na Uholanzi 1–0 Durban, ikaifunga Denmaki 3–1 Rustenburg. Ikatoka mapema tarehe 29 Juni, Pretoria, baada ya sare 0–0 na Paragwai na penalti 5–3. Aliyegonga mwamba wa goli alikuwa Yuichi Komano, ambaye katika klabu ya Iwata alikuwa akicheza mbele ya lango la Kawaguchi kila wiki. Kati ya watu wote waliokuwa uwanjani pale, hapakuwa na mwingine ambaye angeweza kumweleza Komano kwa ujuzi zaidi jinsi kosa moja linavyobebwa kesho yake na keshokutwa.

Wengi hustaafu hapo. Kawaguchi alicheza Iwata hadi mwaka 2013, kisha FC Gifu ya daraja la pili, na mwaka 2016 akashuka hadi daraja la tatu, SC Sagamihara, klabu ambayo wachezaji wake kadhaa walikuwa watoto wadogo wakati wa ule mchezo wa Miami. Hakwenda huko kupamba picha ya timu. Alifanya mazoezi, akapangwa, akaachwa, akapangwa tena.

Mechi yake ya mwisho ilikuwa mwezi Desemba 2018, nyumbani Sagamihara, dhidi ya Kagoshima United. Alikuwa na umri wa miaka 43. Sagamihara ilishinda 1–0, na lango lake halikuguswa. Mwezi uliofuata Seigo Narazaki naye akatangaza kwamba ameacha kucheza.